Meli Iliyolipuka Kwenye Filamu Ndiyo Iliyotuvusha

 Safari hii tunaandika historia ya Ziwa Tanganyika, ziwa ambalo wengi wetu tumelivuka, wengine tukitokea Uvira, Baraka na Kalemie, wengine tukitokea upande wa Burundi. Tutaingilia mlango wa filamu, maana filamu kila mtu anazipenda, na hii ina meli ambayo baadhi yetu tumeipanda kwa miguu yetu wenyewe. Hatutanii. Someni mpaka mwisho.

Filamu inaitwa The African Queen. Ilitoka mwaka 1951, ikaongozwa na John Huston, na wachezaji wakuu ni Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Bogart alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Imetokana na riwaya ya Mwingereza C. S. Forester iliyotoka mwaka 1935. Sehemu kubwa ya picha za nje zilipigwa kwetu huku: Kongo, kwenye Mto Ruiki upande wa Kisangani, ambayo enzi hizo iliitwa Stanleyville, na Uganda, kwenye maporomoko ya Murchison na huko Butiaba, Ziwa Albert. Kwa hiyo ukiona maji, msitu na viboko, mara nyingi hiyo si studio ya Ulaya. Ni nyumbani kabisa.

Hadithi yake iko hivi. Ni mwaka 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vimeanza. Mahali ni Afrika Mashariki ya Wajerumani, yaani Tanzania bara, Rwanda na Burundi za leo zikiwa koloni moja. Rose ni dada wa mmisionari Mwingereza. Charlie ni fundi anayependa chupa, mwenye boti chakavu ya mvuke inayoitwa African Queen. Wajerumani wanakuja, wanachoma kijiji, na muda si mrefu kaka yake Rose anafariki. Rose anamwambia Charlie: tushuke na mto huu hadi ziwani, tukaizamishe meli ya kivita ya Wajerumani, Louisa. Charlie anaona huyu mama amechanganyikiwa. Lakini wanakwenda. Wanapita chini ya risasi za ngome, wanashuka maporomoko, wanakwama kwenye matete, Charlie anatoka majini mwili umejaa ruba. Wanatengeneza torpedo zao wenyewe kwa mitungi ya oksijeni na baruti. Mwisho wanakamatwa, wanamwomba nahodha Mjerumani awafungishe ndoa kabla ya kuwanyonga, na kamba ikiwa tayari, Louisa inagonga boti yao iliyopinduka na kulipuka. Wawili hao wanaogelea zao, mke na mume, wanacheka.

Ni filamu tamu, tusiseme uongo. Tumeitazama pamoja na tumecheka. Lakini kuna kitu kilitukaa kooni.

Watu wa kijiji wameenda wapi?

Filamu inaanza kanisani. Watu wamejaa, wanaimba kwa fujo kwa sababu waliotengeneza filamu walitaka tuwacheke. Dakika chache baadaye askari wanafika, nyumba zinawashwa moto, watu wanasukumwa na kuondolewa. Basi. Filamu nzima ni zaidi ya saa moja na nusu, na ukiondoa askari wanaopiga risasi kutoka ngomeni, wenyeji wale hatuwaoni tena. Hakuna anayeuliza habari zao. Charlie peke yake anagusia kidogo kwamba Wajerumani wanakusanya wenyeji wawafanye askari, halafu mazungumzo yanahamia kwingine na kamera inashuka na mto.

Sisi ambao tumewahi kutoka kijijini moshi ukiwa nyuma yetu hatuwezi kuipita sehemu ile haraka hivyo. Wale walikuwa na watoto, mbuzi, mashamba. Walipelekwa wapi? Tukaamua kuwaacha Rose na Charlie waende zao mtoni, sisi tukawafuata wale wengine kwenye historia. Na jibu tulilolipata ndilo linalotufanya tuandike.

Misheni ya kweli

Hadithi ya Forester haikutoka hewani. Inafanana, kwa mbali, na misheni ya kijeshi iliyofanyika kweli kwenye Ziwa Tanganyika mwaka 1915 na 1916.

Vita vilipoanza, Wajerumani ndio waliokuwa wakubwa wa ziwa. Mapema tu, mwaka 1914, waliiharibu meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune. Wao walibaki na meli ndogo mbili zenye mizinga, Hedwig von Wissmann na Kingani. Fikiria maana yake: ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 650, na mwenye meli anaweza kushusha askari popote pwani, usiku, halafu akatoweka. Mwenzake akiwa nchi kavu anabaki kukimbizana na vivuli.

Mwaka 1915 mwindaji wa tembo aitwaye John Lee alifika London kwa wakuu wa jeshi la majini la Uingereza akiwa na wazo la ajabu: tuchukue boti ndogo zenye kasi, tuzipeleke kwa meli hadi Afrika Kusini, kwa treni hadi Katanga, halafu tuzivushe milimani mpaka ziwani. Wakubwa walikubali. Aliyepewa uongozi ni ofisa mmoja, Geoffrey Spicer-Simson, ambaye kazi yake ilikuwa imekwama kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa majigambo, amechorwa chale za nyoka mwilini, na alipofika ziwani alizoea kuvaa kitu kama sketi. Wenyeji walimpa jina la utani linalohusu kufunga nguo tumboni. Wazee wetu huwa hawakosi jina.

Boti zilikuwa mbili, kila moja ya urefu wa mita 12 hivi. Spicer-Simson alitaka kuziita Paka na Mbwa kwa Kiingereza, wakubwa wakakataa. Akaziita Mimi na Toutou, akieleza kwamba ni paka na mbwa kwa Kifaransa cha watoto. Sisi tuliposoma hapo tulicheka sana. Jamaa alileta boti kwenye ziwa la Waswahili, akaiandika ubavuni "Mimi"!

Msafara wa Waingereza 28 uliondoka Juni 1915. Kutoka Cape Town walipanda treni hadi Fungurume, Katanga, Fungurume hii hii ambayo leo mnaisikia kwa ajili ya shaba na kobalti. Hapo reli iliisha. Mbele yao kulikuwa na milima ya Mitumba, yenye kupanda hadi karibu mita 1,800. Kuanzia Agosti hadi mwisho wa Septemba boti zilivutwa kupita porini na milimani, kwa matrekta mawili ya mvuke, kwa ng'ombe, na kwa watu. Zikafika Sankisia, zikapanda treni fupi hadi Bukama, zikashuka Mto Lualaba ambao maji yake yalikuwa yamepungua kiasi cha kukwama mara kwa mara, zikafika Kabalo, zikapanda treni tena mpaka ziwani, karibu na Kalemie ya leo. Hiyo ilikuwa mwisho wa Oktoba 1915.

Tarehe 26 Desemba, siku moja baada ya Krismasi, Mimi na Toutou ziliikimbiza Kingani na kuiteka. Wakaitengeneza na kuipa jina Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 waliizamisha Hedwig von Wissmann. Spicer-Simson akapewa nishani na Uingereza, na Wabelgiji nao wakampa za kwao. Huyo ndiye "Charlie" wa kweli, kama tukilazimisha kufananisha.

Hesabu ambayo haijakamilika

Sasa tazameni sentensi hii, maana ndivyo hadithi hii inavyosimuliwa mara nyingi: "Watu 28 walivusha boti mbili juu ya milima ya Kongo."

Watu 28? Hebu tuhesabu vizuri.

Kabla trekta halijapita, kuna mtu amekata miti na kufungua njia. Kabla boti haijavuka korongo, kuna mtu amejenga daraja, na madaraja yalikuwa zaidi ya mia moja, ya magogo, ya kujengwa hapo hapo. Trekta lilipozama au kupinduka, kuna watu walivuta kamba. Boti ilipokuwa inashuka mteremko, kuna watu waliishikilia isikimbie. Matrekta yale yalikunywa maji mengi, na njiani kulikuwa na ukame. Maji yalipokosekana, wanawake wa vijijini waliajiriwa kuyabeba kichwani kutoka mbali, ili injini zipate kunywa.

Hapo kila mtu aliyewahi kukaa na ndoo kwenye foleni ya bomba anajua tunasema nini. Maji ni mazito. Kumbe misheni maarufu ya jeshi la majini la Uingereza ilitembea kwa ndoo za akina mama wa Katanga!

Waliofanya kazi hiyo walikuwa mamia kwa mamia. Ila majina yao hatuyakuti kwenye simulizi. Tunakuta jina la daktari, la fundi, la mpiga mzinga. Wasimulizi wanaoeleza kutekwa kwa Kingani wanamkumbuka hata mbuzi aliyekuwa ndani ya meli, kwamba alinusurika. Hatuna ugomvi na mbuzi. Lakini mbuzi ameingia kwenye historia, na yule mama mwenye maji kichwani hajaingia.

Na hiyo ilikuwa misheni moja ndogo. Vita yenyewe ya Afrika Mashariki ilikuwa kubwa zaidi, na ilikuwa vita ya wabebaji kuliko vita ya wapiga risasi. Barabara hazikuwepo. Farasi na ng'ombe walikufa kwa ndorobo. Kilichobaki ni kichwa na mgongo wa mtu. Risasi, unga, dawa, mahema, vipande vya mizinga, vyote vilibebwa na wapagazi. Upande wa Kongo ya Wabelgiji walichukuliwa zaidi ya laki mbili kwa kazi hiyo. Upande wa Waingereza walikuwa wengi zaidi, na makadirio ya wanahistoria kuhusu waliokufa yanakaribia watu laki moja. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria, kwa njaa, kwa baridi ya milimani wakiwa na nguo ya kiunoni tu. Wajerumani nao walifanya hivyo hivyo, na mara nyingi bila hata kuandika hesabu.

Kuna watu walikubali kwa mshahara. Wengine walikamatwa. Wengine waliposikia wakusanyaji wanakuja walikimbilia porini, wakaacha mashamba bila mtu, na njaa ikafuata nyuma.

Basi jibu la swali letu ndilo hilo. Wale watu wa kanisani kwenye filamu, ambao kamera iliwaacha, wangekuwa hapo. Chini ya mzigo.

Na alama yao ipo, tunaipita kila siku bila kuijua. Nani hajasikia Kariakoo ya Dar es Salaam? Jina hilo limetokana na Kiingereza cha "kikosi cha wabebaji", ambao kambi yao ilikuwa pale. Nairobi kuna Kariokor, asili ni ile ile. Na katikati ya Nairobi kuna sanamu ya askari watatu wa vita ile, tazameni vizuri mkifika: mmoja wao si askari, ni mbebaji. Watu wanaenda Kariakoo kununua simu na viatu, wanarudi, na hakuna anayewaambia kwamba wamekanyaga jina la kambi ya wapagazi.

Louisa ya kweli

Turudi kwenye meli, maana tuliahidi.

Wajerumani walikuwa na meli ya tatu, kubwa kuliko zote: Graf von Götzen. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Baada ya kuijenga wakaifungua vipande vipande, wakaifunga kwenye makasha 5,000 hivi, wakaileta Dar es Salaam na kuipandisha treni hadi Kigoma. Huko wakaiunganisha upya. Iliingizwa majini Februari 1915, urefu wake mita 71. Kando yake, Mimi na Toutou ni kama mitumbwi. Hii ndiyo mama wa Louisa ya kwenye filamu.

Je, mashujaa wetu 28 waliizamisha? Hapana. Siku moja baada ya kuizamisha Hedwig, Götzen ilipita mbele ya macho yao. Watu wake walikuwa tayari kutoka. Spicer-Simson akakataa. Miezi michache baadaye alifika na boti zake kwenye ngome ya Wajerumani kusini mwa ziwa, Kasanga ya leo, akaona mizinga, akarudi nyuma. Wajerumani wakatoroka usiku kwa majahazi na mitumbwi. Baadaye ikajulikana ile mizinga ilikuwa ya mbao. Hatusemi hivi kumcheka. Mtu mwenye boti ya mita 12 ana haki ya kuogopa. Tunasema tu kwamba ushujaa kwenye filamu huwa umenyooka, na maishani una makona.

Kilichoimaliza Götzen ni kitu kingine. Mwaka 1916 jeshi la Kongo ya Wabelgiji, askari wake Wakongomani kwa maelfu, liliingia kupitia Rwanda na Burundi. Ndege za Wabelgiji zilikuwa zimeanza kurusha mabomu Kigoma, lakini hofu kubwa ilikuwa wale waliokuja kwa miguu. Kigoma ikianguka, meli haina bandari, haina kuni, haina reli. Ndipo tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha meli yao wenyewe, karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Siku mbili baadaye Kigoma ikachukuliwa. Septemba 19 jeshi hilo likaingia Tabora.

Sasa unganisheni mambo mawili. Götzen ilizama kwa sababu jeshi la miguu lilikuwa linakuja. Na jeshi la miguu lilitembea kwa sababu wapagazi walibeba chakula chake na risasi zake. Yaani ukiuliza nani aliizamisha Louisa ya kweli, jibu si mzungu mlevi na mwanamke jasiri, wala si ofisa mwenye sketi. Ni vichwa vya wapagazi, kutoka vijiji kama kile ambacho filamu ilikichoma na kukisahau.

Meli isiyokufa

Kwenye filamu Louisa inalipuka na hadithi imekwisha. Ya kweli haikulipuka. Mafundi watatu wa Kijerumani waliokuja nayo kutoka Papenburg waliambiwa waizamishe, nao kabla ya kufanya hivyo wakapaka grisi nene kwenye injini. Walikuwa na tumaini kwamba siku moja itaamshwa. Wabelgiji waliwahi kuiinua, ikazama tena. Mwaka 1924 Waingereza waliitoa majini, na kumbe ile grisi ilifanya kazi, injini zilikuwa bado nzima. Mwaka 1927 ikarudi ziwani na jina jipya. Jina hilo ni la zamani, walilolitumia watu wa kusini mwa ziwa kuliita ziwa lenyewe, na Livingstone aliliandika.

Jina hilo ni Liemba.

Ndiyo, MV Liemba. Ile ile. Meli iliyobeba dagaa, mihogo, mananasi, biashara za mama zetu kutoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia. Meli ya kivita ya mfalme wa Ujerumani ikawa daladala ya ziwa kwa karibu miaka mia moja.

Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, Umoja wa Mataifa uliikodi. Ikapeleka makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Kigoma kurudi Uvira. Wazazi wa baadhi yetu walikuwa ndani. Wengine wetu tulizaliwa baada ya safari hiyo, halafu vita vikarudi, na familia zikavuka tena kuja upande huu.

Mwaka 2015 ilikuwa zamu ya Burundi. Wanaokumbuka Kagunga hawahitaji kuelezwa, lakini tunawaandikia na wale waliokuja kazini baadaye. Kagunga ni kijiji cha wavuvi kwenye ufukwe mwembamba karibu na mpaka, milima mikali nyuma, ziwa mbele. Mwezi wa Mei makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamebanana pale. Kipindupindu kikaingia. Njia ya kutoka ilikuwa maji. Liemba ikaja, ikachukua kama watu 600 kwa safari moja, ikawapeleka Kigoma, na kutoka hapo mabasi hadi Nyarugusu.

Lakini Kagunga hapakuwa na gati. Meli ya mita 71 haiwezi kukaribia ufukwe ule. Ilisimama mbali, na watu walipelekwa kwake kwa boti za wavuvi. Wazee walibebwa kwa mikono. Watoto walipitishwa kutoka mkono hadi mkono. Wagonjwa waliinuliwa. Ripoti zilizoandikwa wakati ule zinataja meli, zinataja idadi ya watu, zinataja mashirika. Ni sawa, hizo ni kazi zao na bila meli ile wengi tusingekuwepo. Ila tukiulizana sisi wenyewe, tunakumbuka mikono. Mvuvi aliyesimama majini hadi kifuani ameshika ukingo wa boti isiyumbe. Kijana asiyejulikana aliyembeba bibi ambaye si wake. Ni miaka mia moja baada ya Mitumba, na bado kazi ileile inafanywa na watu wa aina ileile, na bado majina yao hayaandikwi.

"Lakini ni filamu tu"

Tulipojadili haya, wenzetu wengine walipinga. Walisema filamu ni burudani, si somo la historia. Mtu akitaka historia akasome. Wana hoja. Hatutaki kila filamu iwe mhadhara, na hatusemi msiitazame. Itazameni, mtafurahi.

Tunachosema ni hiki. Watu wengi duniani hawatasoma kitabu chochote kuhusu vita vya Ziwa Tanganyika. Watakachobaki nacho ni picha ya wazungu wawili kwenye boti na nyumba za nyasi zinazoungua nyuma yao. Na picha hiyo haikuishia mwaka 1951. Angalieni filamu za vita zinazofanyika Afrika mpaka leo. Mwanzoni kijiji kinachomwa, watu wanakimbia wakipiga kelele, halafu shujaa anafika. Sisi ndio wale wa mwanzoni. Kazi yetu kwenye hadithi ni kukimbia. Tukishakimbia, hadithi inaendelea bila sisi.

Jambo hili linaumiza zaidi ya kwenye filamu. Mtu akishazoea kukuona kama umati unaokimbia, akikutana nawe ofisini anaona namba ya kadi tu. Anauliza familia ina watu wangapi. Haulizi ulikuwa unafanya kazi gani, ulimbeba nani njiani, ulijua nini ambacho wengine hawakujua. Na sisi wenyewe, hili ndilo baya zaidi, tunaanza kujisimulia hivyo hivyo: tulichomewa, tulikimbia, tulisaidiwa. Kweli tulichomewa, kweli tulikimbia, na kweli tulisaidiwa. Lakini tulibeba pia. Watu wetu wamebeba vita vya wengine, boti za wengine, na watoto wa wengine. Hiyo nayo ni historia, na ina tarehe na mahali kama historia nyingine yoyote.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili, madogo.

Kwenu vijana wenzetu: kaeni na wazee wakati bado wapo. Msiwaulize tu "mlikimbiaje?" Waulizeni nani alibeba nini. Nani alikuwa na mtumbwi. Nani alijua njia. Nani alipika siku ile mliyofika. Kama babu alisimuliwa na babu yake habari za upagazi, hata kipande kidogo, hata jina la mlima tu, andikeni au rekodini kwenye simu. Waandikeni kwa majina wale wanaopenda kutajwa, na asiyependa mwacheni na amani yake.

Kwenu wahudumu wa mashirika: mnapoandika ripoti ya kuhamisha watu, wekeni mstari mmoja wa wenyeji na wakimbizi waliofanya kazi ya mikono siku hiyo. Wavuvi wangapi, boti ngapi, vijana wangapi wa kubeba wagonjwa. Mnaandika idadi ya mablanketi, basi hiyo nayo inawezekana. Miaka mia moja ijayo mtu atasoma karatasi zenu kama sisi tulivyosoma habari za Mimi na Toutou, na hatakuta tu meli na mbuzi.

Waliotazama filamu hii au wenye kumbukumbu ya Liemba, ya 1997 au ya 2015 au ya safari ya kawaida tu ya kwenda kuuza dagaa, tuandikieni. Tutazikusanya na kuziweka pamoja kwenye makala ya baadaye. Kiswahili chochote kinafaa, cha Kigoma, cha Bukavu, cha Bujumbura. Tutaelewana.